Mfupa Umeunga, Lakini Je, Kifundo Kiko Tayari kwa Mawimbi?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 29, ninaishi Kigamboni. Mwanzoni mwa Machi bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye mchanga, nikavunjika kifundo cha mguu wa kulia, upande wa ndani na wa nje. Nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa chuma na skrubu. Sasa ni wiki ya 14, magongo nimeyaacha, na picha ya mwisho ilionyesha kuwa mfupa umeunga. Kabla ya ajali nilikuwa nikipanda mawimbi kwa ubao karibu kila mwisho wa juma, nikisimama mguu wa kushoto mbele. Kusi imeingia na wenzangu wanaingia majini bila mimi. Je, naweza kurudi mwezi Julai? Mbona mguu bado unavimba kila jioni? Na je, vyuma nivitoe kwanza?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa ajali na kwa miezi hii ya kukaa nchi kavu ukiwatazama wenzako. Kwanza nieleze kwamba mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari mpasuaji. Kwa hiyo yale yanayohusu chuma na skrubu zako, daktari aliyekufanyia upasuaji ndiye mwenye neno la mwisho, kwa kuwa yeye ameona mifupa yako kwa macho yake, na mimi nimesoma barua yako tu. Yale yanayohusu kukifanya kifundo hicho kibebe mwili, kipinde, kisukume na kistahimili msukosuko ni kazi yangu ya kila siku, nami nitayaeleza kwa kirefu.

Mwezi Julai hapana. Kwa jinsi ulivyojieleza, na ukifanya mazoezi bila kuruka siku, ninatarajia usimame juu ya ubao kwenye povu dogo la ufukweni wakati fulani mwezi Septemba, kisha upande mawimbi yenyewe wakati wa maleleji, kusi ikiwa imelegea na kaskazi haijashika. Hata hivyo, usiiweke tarehe hiyo moyoni kama ahadi. Kinachofungua mlango wa bahari ni mambo kadhaa ambayo kifundo chako kinapaswa kuonyesha kuwa kinayaweza, na mtu anaweza kuyafikia mapema au kwa kuchelewa kuliko mwenzake aliyevunjika siku hiyohiyo.

Najua neno lililokupa matumaini ni lile la kwamba mfupa umeunga. Ni habari njema kwelikweli, lakini ni habari ya mfupa peke yake. Picha ya eksirei inaonyesha mifupa na vyuma. Haionyeshi ligamenti zilizovutika siku ya ajali, wala utando wa kiungo uliokakamaa kwa wiki ambazo mguu ulifungwa, wala misuli ya kigimbi iliyonywea, wala neva ndogondogo zinazoueleza ubongo mguu umekaaje wakati macho yanatazama kwingine. Mfupa wa kifundo kwa kawaida huunga vya kutosha kubeba uzito wa kutembea kati ya wiki 6 na 12, kisha huendelea kujijenga upya kwa miezi mingi. Misuli na mizani ya mwili haijengeki kwa kusubiri. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima na mfupa uliounga vizuri huku kifundo chake bado hakimtoshi hata kushuka haraka kwenye ngazi za daladala.

Kiungo hiki pia hakivumilii makosa madogo. Kifundo ni kama kibano: mifupa miwili ya muundi, tibia na fibula, inaubana mfupa uitwao talusi uliokaa katikati yake, na uzito wote wa mwili hupita hapo penye eneo dogo sana. Uchunguzi wa Ramsey na Hamilton, uliochapishwa mwaka 1976, ulionyesha kwamba talusi ikisogea upande wa nje kwa milimita 1 tu, eneo ambalo mifupa hiyo inagusana hupungua kwa asilimia 42. Hiyo ndiyo sababu daktari wako hakuridhika na plasta ngumu, akaona ni lazima afungue na kuvirudisha vipande mahali pake kwa chuma. Kazi ile ilifanywa kwa usahihi wa milimita. Sitaki uje uiharibu kwa haraka ya wiki chache.

Tutazame sasa mchezo wenyewe unaudai nini mguu wako. Wewe husimama mguu wa kushoto mbele, kwa hiyo mguu uliovunjika ndio wa nyuma, na huo ndio usukani wa ubao. Unapogeuza ubao, uzito hurudi nyuma, goti la nyuma huinama kuelekea ndani, kifundo hupinda sana na wayo huelekea kugeuka nje kwa wakati mmoja. Mchanganyiko huo wa kupinda na kugeuka nje ndio unaozivuta zaidi ligamenti zinazozishikanisha tibia na fibula, yaani zilezile ambazo mara nyingi huumia mtu anapovunjika kama ulivyovunjika wewe. Kabla hujafika kwenye kugeuza kuna kule kuinuka ghafla kutoka kifudifudi: mikono inasukuma, miguu inaingia chini ya kifua kwa kasi, na kifundo kinapokea mwili wote kikiwa kimepinda karibu na mwisho wake, juu ya kitu kinachoteleza na kuyumba. Kutembea kutoka nyumbani hadi kivuko cha feri hakukaribii kabisa mahitaji hayo, hata kama unatembea bila kuchechemea.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza ninalolitafuta kwa mgonjwa wa aina yako ni kupinda kwa kifundo, na kulipima hakuhitaji chombo cha hospitali. Simama peku ukielekea ukuta, weka wayo chini wote, kisha peleka goti mbele liguse ukuta bila kisigino kuinuka hata kidogo. Rudisha mguu nyuma polepole mpaka ufike mahali ambapo goti linaugusa ukuta kwa shida, halafu pima kwa rula umbali kutoka ukutani hadi ncha ya kidole gumba. Pima mguu mzima kwanza, kisha ule uliofanyiwa upasuaji. Watu wengi wazima hufika sentimita 10 au zaidi. Katika wiki ya 14 sitashangaa mguu wako wa kulia ukiishia sentimita 4 au 5. Tofauti kati ya miguu hiyo miwili isizidi sentimita 2 kabla hujafikiria kusimama juu ya ubao majini, kwa maana kifundo kisichopinda humlazimisha mtu kuinua kisigino au kukunja mgongo, na mtu aliyesimama hivyo huanguka.

Kipimo hicho ndicho pia zoezi lake. Peleka goti ukutani mara 15, pumzika, rudia mara tatu, asubuhi na jioni, ukihakikisha goti linapita juu ya kidole cha pili na halikimbilii ndani. Ukihisi mvuto nyuma kwenye kigimbi au kwenye kano ya kisigino, endelea, kwani ndipo panapotakiwa kulegea. Ukihisi kitu kinabanwa kwa mbele, kama kokoto imenasa ndani ya kiungo, usikilazimishe, bali mwonyeshe mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu nawe, kwa kuwa mbano wa mbele hauondoki kwa nguvu, na huenda talusi ikahitaji kusogezwa kwa mikono ya mtu anayejua.

Jambo la pili ni kigimbi. Simama kwa mguu mmoja, gusa ukuta kwa vidole viwili ili usiyumbe, kisha inuka juu ya vidole vya mguu hadi mwisho na ushuke taratibu. Kipimo tunachokitumia sana katika kazi yetu kwa mtu mzima mwenye afya ni mara 25, na nakuhakikishia kwamba mara ya kwanza huenda usifike hata moja. Usivunjike moyo kwa hilo, kwa maana kigimbi kilichopumzishwa wiki nyingi hupungua hata kwa macho. Anza kwa miguu yote miwili. Baada ya wiki moja au mbili, inuka kwa miguu miwili ukishuka kwa mmoja. Baada ya hapo inuka na kushuka kwa mmoja, na mwishowe fanya hivyo ukiwa kwenye ukingo wa ngazi ili kisigino kishuke chini ya usawa wa vidole. Yafanye pia mazoezi hayo goti likiwa limekunjwa kidogo, maana kuna msuli wa ndani wa kigimbi unaofanya kazi zaidi goti likiwa limekunjwa, na juu ya ubao goti lako halinyooki kamwe. Fanya hayo siku moja, siku inayofuata yapumzishe, kwa sababu msuli hujengeka wakati wa kupumzika.

Pande mbili za kifundo nazo zinahitaji nguvu, hasa msuli wa nje unaouzuia mguu usipinduke. Huna haja ya kununua mikanda ya mazoezi ya bei kubwa. Mwombe fundi baiskeli akukatie ukanda kutoka kwenye mpira wa ndani uliochakaa, ufunge kwenye mguu wa kitanda, kisha uvute kwa wayo kwenda nje, halafu kwenda ndani, polepole, mara 20 kila upande.

Ninalolitilia mkazo kuliko yote, na ambalo wagonjwa wengi hulipuuza kwa kuwa haliumi wala halitoi jasho, ni mizani. Ndani ya ligamenti na misuli inayokizunguka kifundo kuna neva zinazopeleka habari za mkao wa mguu kwenye ubongo, na ajali, upasuaji pamoja na wiki za kutokutumika hudhoofisha mawasiliano hayo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mfupa imara na kigimbi chenye nguvu, lakini akikanyaga jiwe gizani mguu unampindukia kabla hajajua. Simama kwa mguu wa kulia kwa nusu dakika macho yakiwa wazi. Ukiweza bila kugusa kitu, fumba macho. Ukiweza hilo, simama juu ya mto au godoro lililokunjwa, kisha mwombe mtu wa nyumbani akurushie mpira nawe uudake ukiwa umesimama hivyohivyo. Fanya wakati unapiga mswaki, fanya unaposubiri chai ichemke. Niliwahi kumhudumia mvuvi aliyekuwa na jeraha linalofanana na lako, naye alirudi kwenye ngalawa akiwa na kigimbi kizuri kabisa. Kilichomrudisha kwangu ni kwamba chombo kiliyumba akiwa anavuta nyavu, akili yote ikiwa kwenye samaki, na mguu haukumjibu kwa wakati. Mfupa wake haukuvunjika tena, lakini alikaa nje ya maji wiki nyingine saba. Tangu siku hiyo simruhusu mtu wa baharini aondoke mikononi mwangu kabla hajaweza kusimama kwa mguu mmoja huku akifanya kitu kingine kwa mikono na macho.

Sasa nije kwenye uvimbe wa jioni. Katika hatua uliyopo ni jambo la kawaida, na linaweza kuendelea hadi miezi sita, wakati mwingine hadi mwaka. Damu na maji ya mwilini hurudishwa juu na kazi ya misuli ya kigimbi, ambayo kwako bado ni dhaifu. Ukiongeza joto la mjini kwetu na siku nzima ya kusimama au kukaa miguu ikining'inia, maji hubaki chini. Ukirudi nyumbani lala chali, weka mguu juu ya mito uwe juu ya usawa wa moyo kwa dakika 20, na wakati huo chezesha wayo juu na chini. Soksi ya kubana inasaidia mchana. Unachopaswa kukitazama ni asubuhi: uvimbe ulioshuka ukiamka ni wa kuvumilia, lakini usiposhuka kabisa kwa siku kadhaa ujue umeuzidishia mguu kazi. Na kuna uvimbe wa aina nyingine usioruhusu kusubiri hata kesho. Kigimbi kizima kikivimba, kikauma na kuwa cha moto, au ukapatwa na pumzi fupi na maumivu ya kifua, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kovu likiwa jekundu, likitoa usaha, au ukipata homa, usisubiri pia.

Hukuniuliza kuhusu kuchua, lakini karibu kila mgonjwa ninayemwona amekwisha kuchuliwa na mtu wa familia kabla ya kufika kwangu, kwa hiyo nitalisema. Kulichua kovu lenyewe kwa mafuta, taratibu, kwa vidole viwili, kwa dakika 5 kila siku, ni jambo jema linaloifanya ngozi isigande juu ya chuma. Kukandwa kwa maji ya moto sana na kukamatwa kifundo kikazungushwa kwa nguvu ili "kilainike" ni jambo la kukataa kwa adabu, hata kama anayekufanyia ni bibi yako na ana nia njema. Mwambie daktari amekataza, naye ataelewa.

Ufuko wa bahari unao jirani, na unaweza kukusaidia kabla hujaushika ubao. Kidonda kikiwa kimefunga kabisa, ingia kwenye maji tulivu yanayofika kiunoni na utembee humo, mbele, nyuma na ubavu. Maji ya kina hicho huuondolea mguu takriban nusu ya uzito wa mwili, kwa hiyo unaweza kuzoeza hatua ndefu na hata miruko midogo ambayo nchi kavu bado hairuhusu. Kwenye mchanga, anza na ule mgumu uliolowa maji yakiwa yametoka, na uuache ule mkavu unaozama hadi baadaye. Kumbuka kwamba ufuko una mteremko: ukitembea kuelekea upande mmoja, mguu wa upande wa baharini huwa chini na nyayo zote hulala kwa mshazari. Tembea umbali ule ule kwenda na kurudi, usije ukakiweka kifundo kimoja katika mshazari huo kwa kilomita nzima.

Unapoweza kuinuka juu ya vidole vya mguu mmoja mara 15 hivi bila maumivu na tofauti yako ya ukutani imeshuka hadi sentimita 3, anza kuzoeza kule kuinuka kutoka kifudifudi, lakini sebuleni, juu ya mkeka. Hatua za kwanza ziwe za polepole mno: sukuma kwa mikono, leta goti la nyuma chini, kisha mguu wa mbele, kisha simama. Wiki zinazofuata ondoa lile goti, halafu ongeza kasi. Chunguza, au mwombe mtu akupige picha za video, kama kisigino cha nyuma kinatua sawasawa au kinatua kwa ukingo wa nje. Kikitua kwa ukingo wa nje, rudi kwenye mazoezi ya ukutani, kwa maana juu ya ubao ungepinduka. Baada ya mkeka, fanya hivyo juu ya ubao uliolazwa kwenye mchanga, mapezi yakiwa yametolewa. Pamoja na hayo anza miruko: kwanza kwa miguu miwili, kisha kwa mmoja, mbele na ubavu. Ninataka mguu wa kulia ufikie angalau asilimia 90 ya umbali unaorukwa na wa kushoto, ukitua kimya bila goti kukimbilia ndani.

Kuhusu vyuma, watu wengi hukaa navyo maisha yao yote bila kuvihisi, na kuvitoa si sharti la kurudi mchezoni. Hutolewa pale vinaposumbua, mara nyingi baada ya mwaka mmoja hivi, na usisahau kwamba kuvitoa ni upasuaji mwingine wenye hatari zake, na kwamba matundu yanayoachwa na skrubu huudhoofisha mfupa kwa wiki kadhaa ambazo hutaruhusiwa kuruka. Kuna swali moja tu ningependa ulipeleke kwa daktari wako, iwe ulitibiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili au kwingineko: muulize kama miongoni mwa skrubu zako ipo inayopita kutoka fibula hadi ndani ya tibia, ikizishikanisha. Skrubu ya namna hiyo hushika mifupa miwili ambayo kwa asili husogea kidogo kila unapopinda kifundo, kwa hiyo inaweza kulegea au hata kukatika. Wapo madaktari wanaoitoa kabla ya mgonjwa kurudi kwenye michezo, na wapo wanaoiacha. Ufuate ushauri wa aliyeiweka.

Chuma hicho hicho kinanipeleka kwenye jambo ambalo nadhani hukulifikiria, nalo ni kamba ya ubao. Kamba hufungwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, yaani wako wa kulia, na ukanda wake hukaa mahali hasa ambapo chuma na kovu vipo chini ya ngozi nyembamba. Unapoanguka na wimbi likauchukua ubao, nguvu yote huvuta hapo, tena kwa ghafla na kwa kuzungusha. Kwa miezi ya mwanzo nakushauri utumie kamba inayofungwa chini ya goti, kwenye sehemu ya juu ya kigimbi, kama wafanyavyo wengi wanaotumia mbao ndefu. Kuihamishia kwenye mguu wa mbele si suluhisho, kwa kuwa itakukwaza ukisimama. Kuingia bila kamba pia si suluhisho kwenye ufuko wenye watoto wanaoogelea, kwa sababu ubao uliopotea hauchagui wa kumgonga.

Usidhani kwamba haraka hii ni ya vijana wa Kigamboni peke yao. Kelly Slater, bingwa wa dunia mara 11, alivunjika mguu Jeffreys Bay, Afrika Kusini, Julai 2017. Alirudi kwenye mashindano Hawaii Desemba mwaka huohuo, na hata hivyo mguu ulimsumbua akakosa sehemu kubwa ya mashindano ya mwaka 2018. Alikuwa na kila msaada ambao fedha inaweza kununua, na mwili ukadai muda wake vilevile.

Siku ya kurudi majini ikifika, chagua bahari kwa makini kuliko ulivyowahi kuichagua. Maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na mwamba uliokuwa salama chini yako asubuhi unaweza kuwa kwenye magoti saa sita mchana. Kwa hiyo tafuta siku za maji mafu, na uingie maji yakiwa yanajaa. Coco Beach ni pazuri kwa macho, lakini pana mwamba wenye ncha na utelezi, nami sitaki matembezi ya kwanza ya kifundo hicho yawe juu ya mwamba ukiwa umebeba ubao kwapani. Tafuta upande wako wa Kigamboni mahali penye mchanga chini, siku ambayo upepo ni mdogo, ukiwa na mwenzako. Tumia ubao mkubwa na mpana kuliko uliouzoea. Siku mbili tatu za kwanza piga kasia kwa mikono tu na uteleze kwenye povu ukiwa umelala, ili kifundo kizoee kunyooka kwa muda mrefu na kusukwasukwa. Baadaye ndipo usimame.

Kuna tabia moja ya lazima kuijenga tangu siku hizo, nayo ni namna ya kuanguka. Wengi wanapopoteza mizani huruka chini kwa miguu, na kina kikiwa cha mapajani mguu hukutana na mchanga mgumu kwa nguvu yote ya mwili. Wewe anguka bapa, kwa mgongo au kwa matako, kama mkeka unaotupwa juu ya maji, mikono ikilinda kichwa, na usiutafute mchanga kwa miguu mpaka wimbi limepita. Izoeze ukiwa bado kwenye povu, mara nyingi, hadi mwili uifanye bila kuambiwa.

Usimeze kidonge cha kutuliza maumivu, kama vile diklofenaki, kabla ya kuingia majini. Kidonge hakiongezi nguvu ya kifundo, kinazuia tu habari isikufikie, na wewe unaihitaji habari hiyo. Maumivu ya tatu kwa kumi, sifuri ikiwa ni kutokuumwa kabisa na kumi maumivu makali kupita yote, yanakubalika wakati wa mazoezi, mradi yawe yamekwisha kufikia asubuhi. Yakizidi hapo, punguza kazi kwa nusu kwa siku mbili, usiache kabisa. Kula vizuri, dagaa na maziwa visikose, na kama unavuta sigara, acha, kwani huchelewesha mifupa kujijenga.

Leo jioni pima umbali wa goti na ukuta kwa miguu yote miwili, uandike tarehe na sentimita kwenye karatasi, uibandike karibu na kioo. Pima tena kila Ijumaa. Tofauti isiposogea kwa wiki tatu mfululizo ilhali unafanya mazoezi, niandikie tena, au nenda na karatasi hiyo kwa mtaalamu wa fiziotherapia akutazame kwa mikono yake. Na siku utakaposimama juu ya ubao kwa mara ya kwanza, panda mawimbi matano tu, hata kama bahari ni nzuri na mguu hauumi, kisha toka, ukauinue juu ya mito, na uutazame kesho yake asubuhi kabla ya kuamua lini utarudi.